Kukimbia Msituni: Mwongozo Kamili kwa Anayetoka Barabarani

Kilomita ya msituni si ndugu wa kilomita ya barabarani. Anayezoea kumaliza kilomita kumi kwa saa moja juu ya lami akiingia msituni na hesabu ileile, ama ataishiwa pumzi kabla ya nusu ya njia, ama ataanguka. Nimewaona wakimbiaji wenye miguu mizuri kuliko yangu wakitoka msituni wamenuna kwa sababu saa imewaambia wamezembea. Hawakuzembea. Walikuwa wanapima nguo kwa kibaba.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza tayari kukimbia nusu saa bila kusimama, anayeishi mjini, na ambaye kuna hifadhi ya msitu anayoweza kuifikia. Huhitaji kuwa na kasi. Unahitaji uvumilivu wa majuma manane hivi, na utayari wa kuanza upya katika jambo unalodhani unalijua.

Kabla ya yote, badilisha kipimo

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria muda wa safari za milimani: saa moja kwa kila maili tatu, halafu saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Ukiigeuza hesabu hiyo utaona kwamba futi moja ya kupanda hugharimu kama futi nane za tambarare. Kwa mkimbiaji kanuni hii bado ni chombo kizuri: kila mita 100 unazopanda zihesabu kama mita 800 za ziada. Njia ya kilomita 8 yenye mita 250 za kupanda kwa jumla ni sawa na kilomita 10 za tambarare, na hapo hatujagusa mizizi, tope wala kona.

Saa nayo haiaminiki chini ya miti. Mawimbi ya setilaiti hudhoofika yakipita kwenye majani mengi yenye unyevu, na mengine hukufikia yakiwa yamekwisha kugonga vigogo au kuta za bonde. Matokeo yake ni mstari unaorukaruka kwenye ramani, kona zilizokatwa, na kasi inayopanda na kushuka wakati wewe umekimbia sawasawa. Weka saa ionyeshe muda tu. Ukiweza, ivue kabisa majuma mawili ya kwanza.

Kipimo chako kiwe pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikatisha, juhudi ni ndogo, na huko ndiko sehemu kubwa ya mbio zako za msituni inapotakiwa kukaa. Ukitoa maneno matatu manne kisha unavuta hewa, umefika katikati. Likitoka neno mojamoja, umefika juu, na huko mtu haishi kwa muda mrefu. Mlima ukikusukuma juu, punguza mwendo. Ukiendelea kukusukuma, tembea. Kutembea kwenye kilima kikali ni ufundi: mteremko ukizidi kiasi fulani, kutembea kwa kasi ileile hutumia nguvu pungufu kuliko kukimbia, na ndiyo maana washindi wa mbio za milimani hutembea bila aibu yoyote, mikono juu ya mapaja.

Hatua ya 1: Uchague msitu, kisha uchague njia ndani yake

Anza na maswali ya kawaida. Hifadhi inafunguliwa na kufungwa saa ngapi? Kukimbia kunaruhusiwa kwenye njia zote au baadhi? Zipi ni za baiskeli, zipi za farasi, zipi zimefungwa kwa sababu ya upandaji miti, ukataji au majira ya ndege kuatamia? Majibu huwa langoni, kwenye kibao cha ramani au kwa walinzi wa msitu. Usiridhike na programu ya simu peke yake. Programu huonyesha njia waliyopita watu, hata kama walipita pasiporuhusiwa.

Njia za msituni ni za aina tatu kwa jumla. Zipo barabara za magari ya wahifadhi, pana na ngumu, ambazo mguu unazielewa mara moja. Zipo njia pana za watembeaji, zenye changarawe, udongo ulioshindiliwa au vumbi la mbao. Halafu kuna vijia vyembamba, upana wa mtu mmoja, vyenye mizizi, mawe na majani yanayogusa mabega pande zote mbili. Utamu wote wa kukimbia msituni umo kwenye vijia hivi, na ndiyo sababu watu huvikimbilia siku ya kwanza. Vumilia. Majuma mawili ya mwanzo yamalize kwenye njia pana.

Kwa mara ya kwanza tafuta njia ya mzunguko ya kilomita 4 hadi 6 inayoanzia na kuishia langoni, yenye vibao au alama za rangi kwenye miti, isiyo na njia panda nyingi. Njia ya mzunguko inakuokoa na kishawishi cha kwenda mbali mno ukiwa na nguvu, kisha kurudi huna kitu.

Na kabla ya kuikimbia, itembee. Najua ushauri huu huwachosha watu, lakini sijui ulio bora zaidi. Saa moja ya kutembea inakuonyesha mahali maji yanaposimama, daraja lenye ubao uliooza, kona ambapo wapanda baiskeli hushuka kwa kasi, na kila njia panda. Kila ukifika njia panda, geuka nyuma uitazame njia uliyotoka. Njia ina sura mbili, ya kwenda na ya kurudi, na wengi hupotea kwa sababu waliiona moja tu.

Hatua ya 2: Viatu

Njia ngumu na kavu haidai viatu vipya. Viatu vyako vya barabarani, kama soli haijasagika, vinatosha kwa majuma ya kwanza. Viatu vya msituni unavihitaji unapoingia kwenye tope, mawe yenye ncha na miteremko, na hapo kinachotafutwa ni mambo matatu: meno ya soli, uimara wa sehemu ya vidole, na kushikwa vizuri kwenye kisigino.

Meno ya milimita 2 hadi 3 yanafaa ardhi ngumu. Milimita 4 hadi 5 ni ya kila kitu kidogo kidogo, na kama unanunua jozi moja, nunua hiyo. Milimita 6 na zaidi ni ya tope zito, na ukiyapeleka kwenye njia ngumu yatakuchosha nyayo na yataisha upesi. Mpira laini hushika vizuri jiwe lenye maji lakini husagika haraka. Mpira mgumu hudumu lakini huteleza. Hakuna soli inayoshika vyema mzizi uliolowa, kwa hiyo usiitafute.

Chukua ukubwa unaokuachia upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kwenye mteremko mguu husogea mbele, na kiatu kinachobana kwenye tambarare huko ndiko kinakong'oa kucha.

Meno haya yana historia nzito. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa kwenye Punta Rasica, katika milima ya Alps upande wa Italia, wakiwa na viatu ambavyo havikuweza kuhimili hali mbaya ya hewa juu ya miamba. Vitale Bramani, aliyekuwa pamoja nao katika safari ile, alirudi akitafuta soli inayoweza kushika mwamba na theluji pia, na mwaka 1937 alipata hataza ya soli ya mpira yenye meno. Soli nyingi za meno tunazovaa leo zinafuata wazo lile.

Hatua ya 3: Jifunze kukimbia upya

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nitakaa.

Anza na macho. Kwenye lami unaweza kutazama mbali, hata kuwaza mambo ya kazini. Kwenye kijia chembamba macho yako yakae mita tatu hadi tano mbele, yakiinuka kila baada ya hatua kadhaa kutazama njia inakoelekea, kisha yakirudi. Usitazame miguu: jiwe lililo chini ya mguu limekwisha kukufanyia lake. Na usikitazame unachotaka kukikwepa; tazama nafasi unayotaka kukanyaga. Mwili hufuata macho. Anayekodolea mzizi ataukanyaga.

Hatua ziwe fupi na za haraka. Hatua ndefu huweka mguu mbele ya mwili, na ukiteleza hapo huna la kufanya. Hatua fupi huuweka chini ya nyonga, na hata ukiteleza, mguu wa pili umekaribia kufika. Inua magoti juu kidogo zaidi ya ulivyozoea, maana wengi hujikwaa kwa sababu ya sentimita mbili, hasa mwisho wa mbio, uchovu ukiwa umewashusha miguu bila wao kujua. Mikono iachie mbali kidogo na mwili, kama mtu anayevuka kijito juu ya gogo.

Mzizi usiukanyage ukiweza kuuruka. Usipoweza, ukanyage katikati ya unyayo, mguu ukiwa umeukata mzizi kwa mkingamo, wala usisukume kwa nguvu juu yake. Mizizi inayolala sambamba na njia ndiyo hatari zaidi, hasa ikilowa. Mawe yaliyozama ardhini ni rafiki. Mawe yaliyo juu ya ardhi yachukulie kama yatasogea. Majani makavu yaliyorundikana huficha mashimo, kwa hiyo pita taratibu ukitarajia kwamba chini yake kuna kitu.

Kupanda: egemea mbele kutokea vifundo vya miguu, si kwa kukunja kiuno. Fupisha hatua mpaka zionekane ndogo mno, halafu zifupishe tena. Tumia mikono. Misuli ya mashavu ya miguu itauma majuma ya kwanza. Ikiwaka, weka unyayo mzima chini kwa hatua chache ili makalio na mapaja yashike zamu.

Kushuka ndiko kunakotenganisha watu. Nilianguka vibaya mara moja tu msituni, nami nilikuwa nashuka, nimeegemea nyuma, visigino vikiwa breki. Kisigino kilipanda jiwe lenye ukungu, miguu ikaenda, mgongo ukafika chini kabla sijafikiri lolote. Nilikuwa nimefanya kile ambacho woga hufundisha kila mtu: kujitenga na mteremko. Ukiegemea nyuma uzito unahamia visiginoni, na kisigino hakina jinsi ya kushika ardhi inayoteremka. Dawa yake inaonekana kinyume na akili. Leta kifua mbele kidogo, nyonga juu ya miguu, magoti yakiwa yamelegea, hatua zikiwa nyingi na nyepesi. Usifunge breki kwa hatua moja kubwa. Punguza kasi kwa hatua ndogo ndogo nyingi. Ukiona kasi inakushinda, kata mteremko kwa mshazari, kushoto na kulia, kama njia ya mlimani inavyojipinda.

Maumivu ya mapaja baada ya kushuka nayo yana maelezo. Wakati wa kushuka misuli ya mbele ya mapaja hukaza huku ikivutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Maumivu hufika kilele siku ya pili au ya tatu, si siku ileile. Habari njema ni kwamba misuli hukumbuka: mazoezi ya kushuka hata mara moja hupunguza sana maumivu ya mara inayofuata, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo tafuta mteremko wa wastani wa mita 100 hivi, ushuke mara nne kwa utulivu ukipanda kwa kutembea, kisha usifanye hivyo tena mpaka juma lijalo. Hiyo ni chanjo tosha.

Hatua ya 4: Imarisha vifundo vya miguu nyumbani

Kifundo kikiteguka, mara nyingi unyayo hupinda ndani na kano za upande wa nje ndizo zinazovutika. Aliyewahi kuteguka ana hatari zaidi ya kuteguka tena, kwa kuwa pamoja na kano, hisia ya mguu kujua uko wapi nayo hudhoofika. Hisia hiyo hurudishwa kwa mazoezi mepesi.

Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, sekunde 30 kila mguu. Ikizoeleka, fumba macho. Ikizoeleka tena, simama juu ya mto. Ongeza kupanda na kushuka kwa ncha za vidole kwenye ngazi, mara 15 kila mguu, ukishuka polepole. Dakika tano kwa siku zinatosha, na kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu nisiyotaka uiruke, ni hii.

Hatua ya 5: Majuma manane

Juma la kwanza na la pili, badilisha mbio moja tu ya barabarani kwa mbio ya msituni ya dakika 30 hadi 40 kwenye njia pana. Hesabu dakika, usihesabu kilomita. Nyingine ziache kama zilivyokuwa. Juma la tatu na la nne, ingia msituni mara mbili, mara moja iwe na kijia chembamba cha robo saa. Hapo utaanza kuhisi misuli ya nyonga na ya nyayo ambayo lami haikuwahi kuiamsha.

Juma la tano na la sita, ongeza mteremko niliokueleza, na mara moja kwa juma cheza fatleki. Neno hilo ni la Kiswidi, maana yake mchezo wa kasi, na mbinu hii iliasisiwa na kocha Gösta Holmér miaka ya 1930. Huhitaji saa wala uwanja: unakimbia kwa nguvu mpaka kwenye mti ule, unapumzika mpaka kwenye kona, unapanda kilima kwa nguvu, unatembea. Ardhi ndiyo inayokupangia. Usidhani ni zoezi la watoto. Gunder Hägg, Mswidi aliyefanya mazoezi yake mengi kwenye njia za msituni, alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 1.4 mwaka 1945, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1954, Roger Bannister alipoishusha chini ya dakika nne.

Juma la saba na la nane, refusha mbio moja hadi dakika 75 au 90 kwa pumzi ya mazungumzo. Mwili ukilalamika, rudia juma lililopita. Maumivu ya misuli pande zote mbili ni kawaida. Maumivu ya sehemu moja, upande mmoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia, ni sababu ya kusimama siku hiyo.

Hatua ya 6: Utakachobeba, na utakachomwambia mtu

Msitu ulio jirani na mji humdanganya mtu. Unasikia magari kwa mbali, basi unadhani msaada uko mlangoni. Lakini ukivunjika mguu kilomita mbili kutoka langoni, watakaokubeba watakuja kwa miguu.

Kwa mbio zinazozidi nusu saa nabeba simu yenye chaji na ramani niliyoipakua kabla, filimbi, bandeji ya kuvuta, jaketi jepesi na maji. Tochi ya kichwani huingia mfukoni kila jua linapokaribia kuzama, maana giza la msituni hutangulia la nje kwa muda unaoshangaza. Nambari ya simu ya walinzi wa hifadhi iwe ndani ya simu kabla hujaondoka nyumbani. Maji unywe kwa kiu. Kunywa kupita kiu katika mbio ndefu hushusha chumvi ya damu, na hilo nalo limewapeleka watu hospitalini.

Mwambie mtu unapita njia gani na utatoka saa ngapi, na ukitoka mjulishe. Anza na mwenzako au kikundi ukiweza, hasa asubuhi sana au jioni. Wanawake wengi wananiambia hatari wanayoiwaza zaidi msituni ni mtu, si mnyama. Hawatii chumvi: njia zenye watu, saa zenye watu na mwenzako wa kukimbia naye ni sehemu ya maandalizi kama vilivyo viatu. Vipokea sauti viache nyumbani. Masikio yanakuambia baiskeli inakuja, tawi linavunjika, mtu yuko nyuma.

Hatari zenyewe

Upepo mkali ni hatari kuliko nyoka. Matawi makavu huanguka bila kuaga, na hata siku moja au mbili baada ya dhoruba. Siku ya upepo kimbia barabarani. Radi ikianza, ondoka mahali pa juu na mahali pa wazi, usisimame chini ya mti mrefu uliojitenga, na uelekee nje.

Nyoka wengi huhisi mtetemo wa hatua na kuondoka. Asiyeondoka ni yule aliyelala nyuma ya gogo. Kwa hiyo usiliruke gogo usiloona ng'ambo yake: kanyaga juu, tazama, kisha shuka. Ukiumwa, usikate jeraha, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete, saa na chochote kinachobana, tuliza kiungo kisisogee, piga simu, na utafute njia ya kubebwa hospitali.

Nyuki wakikuvamia, hapo kimbia kweli, funika uso, usipunge mikono, usijitose majini. Mbwa au mnyama mkubwa ukikutana naye, fanya kinyume: simama, usimpe mgongo, rudi nyuma taratibu. Kukimbia huamsha hamu ya kufukuza.

Kupe ni wadogo ila wasidharauliwe, kwa kuwa katika sehemu nyingi za dunia hueneza magonjwa. Ukifika nyumbani kagua nyuma ya magoti, kinena, kiunoni, kwapani na nyuma ya masikio. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto.

Ukipotea, au ukiteguka

Ukihisi njia si yenyewe, simama. Usikimbie ili uhakikishe. Kunywa maji, tulia, kisha rudi kwa nyayo zako mpaka mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Kukata njia ya mkato kufuata sauti ya magari kumewaingiza wengi kwenye makorongo. Huwezi kurudi? Baki ulipo, vaa jaketi, piga filimbi milio mitatu, nyamaza dakika moja, rudia. Katika milima ya Alps ishara ni milio sita ndani ya dakika moja, lakini filimbi inayorudia kwa mpangilio huvuta masikio popote.

Kifundo kikiteguka, usivue kiatu mara moja, kwani uvimbe unaweza kukizuia kuingia tena. Keti, kisha jaribu kupiga hatua nne. Madaktari wa Kanada walitoa mwaka 1992 kanuni zinazojulikana kwa jina la Ottawa: ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au unaumia ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo, ndani au nje, unahitaji picha ya eksirei. Ukiweza kutembea, funga bandeji na utoke kwa kutembea, hata kama maumivu yamepungua kiasi cha kukushawishi ukimbie.

Hatua ya 7: Msitu si uwanja wako

Ukipita watu, punguza mwendo na utoe sauti mapema, salamu inatosha. Mpishe anayepanda, maana kuanza upya mlimani ni kazi. Ukikutana na farasi, tembea, zungumza ili mnyama ajue wewe ni binadamu, na upite kwa nafasi.

Tope likikaa katikati ya njia, pita katikati ya tope. Kila anayelizunguka hupanua njia kwa hatua moja, mimea ya ukingoni hufa, udongo ulioachwa wazi hushindiliwa, maji hukosa pa kuingia, na dimbwi la mwaka ujao huwa pana mara mbili. Njia za mkato kwenye kona za mlima hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi: mvua huzigeuza kuwa mifereji. Viatu vichafu husafishika.

Misitu mingi ya kando ya miji inalinda maji ya miji hiyo. Msitu wa Tijuca, katikati ya jiji la Rio de Janeiro huko Brazili, ulipandwa upya kuanzia mwaka 1861 baada ya mashamba ya kahawa kuvua vilima miti na vyanzo vya maji vya jiji kuanza kukauka. Ukiona kibao kinachokukataza kuvuka kijito, kuna kisima au bomba la watu chini ya bonde.

Mwisho wa kila mbio ni viatu. Katika milima ya Waitākere, karibu na Auckland huko New Zealand, ugonjwa wa mizizi unaoua miti mikubwa iitwayo kauri husafiri ndani ya udongo, pamoja na udongo unaonata kwenye soli. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya msitu huo ilifungwa, na wakimbiaji walikosa njia walizozipenda kwa miaka. Palipo na kituo cha kusafisha viatu langoni, kitumie kuingia na kutoka. Pasipokuwa nacho, beba brashi ndogo: toa udongo kwenye meno ya soli kabla hujaondoka, osha viatu nyumbani, hasa ukienda msitu mwingine juma lijalo, kisha toa soli ya ndani, legeza kamba, jaza karatasi, na uviache vikauke kivulini.